Mgomba wa Bibi Ulioishia Forodhani

Mama yangu mpenzi, mwakeye, kama tunavyoamkiana kwetu.

Shikamoo. Naamini Neema anakusomea barua hii umekaa, maana ni ndefu kidogo na ukisimama mgongo unakusumbua. Unaendeleaje huo mgongo? Ile dawa ya kuchua imesaidia? Na kuku wanataga, au wameanza tena uvivu wao? Mimi huku Kigoma mzima, nakula, nalala, namshukuru Mungu. Bado nimepanga kule kule Rusimbi, chumba hakivuji.

Najua utasema kwa nini sikupiga simu. Mama, unanijua. Kwenye simu maneno yananikimbia, halafu simu yenyewe ya jirani, watu wote wanategesha masikio. Hili nataka ulisikie lote. Tena kuna mzigo unakuja kwa basi pamoja na barua hii. Usiufungue kwanza, ngoja Neema amalize kusoma.

Mama, nimemwona dada yako.

Ilikuwa hivi. Yule Mzee Hamisi wa Katubuka ninayemfanyia kazi, nilikwambia ana boti. Si ya kuvua wala ya abiria, ni ya kutembelea tu yeye na familia, kuogelea na kupunga upepo. Mimi naiosha, nafunga kamba, namsaidia nahodha wake anaitwa Shabani. Sasa wakasema safari hii tuvuke mpaka, twende Rumonge, Burundi, tukale samaki na kupumzika. Nilivyosikia Rumonge moyo ukaruka, maana ndiko alikoolewa mama mkubwa.

Kumbe kuvuka ziwa kwa starehe nako kuna utaratibu wake. Mimi nilidhani ukiwa na boti yako unaenda tu, maji hayana geti. Wapi! Kabla ya kutoka tulipita bandarini, uhamiaji wakaangalia hati zetu, na mimi Mzee alishanifuatilia hati ya safari. Watu wa forodha nao wakaandika boti yenyewe mpaka namba ya mashine. Nikamuuliza Shabani polepole, mashine si ni yetu, wanaiandikia nini? Akasema, "Ili ukirudi wasiseme umeinunua Burundi. Boti nayo inaaga, kijana."

Rumonge nikaomba ruhusa nikaenda sokoni kuulizia. Unajua aibu yangu, nilizunguka weee, mpaka nikaona mama mmoja muuza mawese ana sura ya upole ndio nikathubutu. Akamtuma mwanae anipeleke. Mama mkubwa alikuwa anaanua nguo. Alinitazama tu, jina sijasema, akasema, "Wewe ni wa Anastazia." Akanishika masikio yote mawili, analia huku anacheka. Mama, mnafanana mpaka kukohoa.

Akaniuliza habari zako zote, na mimi kama nilivyo, najibu ndiyo, hapana. Akasema, "Mdogo wangu na mdomo wake ule, alimzaaje bubu?" Akanipa ndizi nikala. Akaniambia zimetoka kwenye mgomba wa bibi, ule alioondoka nao chipukizi alipoolewa. Akanipeleka nyuma ya nyumba nikauona, umezaa ukoo mzima. Nikamwambia kwetu ule wa bibi ulikauka, na wewe mpaka leo unausema.

Kuondoka akanipa impamba, zawadi ya kumfungia msafiri, imefungwa kwenye kitenge, fundo gumu. "Mpe mama yako mkononi. Ataona mwenyewe." Sikuuliza kuna nini. Ulitulea kwamba mzigo wa mtu haufunguliwi njiani, hata kuupapasa ni tabia mbaya. Nikauweka chini ya kiti cha nyuma, nikaufunika na turubai usilowe.

Kurudi, tulipofika usawa wa Kibirizi, karibu kabisa na mjini, Mama Zuhura mke wa Mzee akataka ashushwe ufukweni, amebanwa. Shabani akakataa.

"Mama, hatujaingia Tanzania."

"Hatujaingia vipi na watu wanafua pale nawaona?"

"Unawaona, ila hujaingia. Kwanza bandarini. Ukikanyaga popote kabla forodha hawajatuona, tumeingia kwa mlango wa uani."

"Baba Zuhura, mwambie mtu wako!"

Mzee akawa anaangalia maji tu. Tulicheka, mpaka mwenyewe akacheka, akasema jamani msinichekeshe, hali ni mbaya.

Bandarini akaja dada mmoja wa forodha, mpole lakini macho yake hayapepesi. Akauliza tumerudi na nini. Mzee akataja vyake vyote, vitenge, mawese, sabuni, akasema ndio hivyo tu, akatia sahihi. Dada akanigeukia. "Na wewe?" Nikasema mimi sina. Mama, sikudanganya. Sikununua kitu. Na ule mzigo kwangu haukuwa wangu, ulikuwa wako.

Mwenzake akainua turubai. "Huu wa nani?"

Mzee akasema si wetu. Nikaona mkono wake umeshika ukingo wa boti. Shabani akaninong'oneza, "Kama ni wako sema sasa hivi, boti itazuiliwa hapa." Mzee ameshatia sahihi, mwenye boti ni yeye. Nikasema, "Ni wa mama yangu."

"Mama yako yuko wapi?"

"Kakonko."

"Alikuwa kwenye boti?" Watu wakacheka. "Basi ni wako. Kuna nini ndani?"

"Sijui."

"Unavuka mpaka na kitu usichokijua?"

Ndio nikamweleza impamba ya mama mkubwa, kwa sauti ya kufia. Akanitazama, akaanza kusema Kiha! Na yeye Muha wa Kasulu. Akasema, "Hata kwetu mzigo haufunguliwi njiani. Lakini mdogo wangu, hapa si njiani, hapa ni mlangoni. Na kosa si kubeba, kosa ni kutosema." Hakutaka niufungue mbele ya watu. Akaniingiza chumba cha pembeni, akaniachia nifungue fundo mwenyewe.

Ndani mlikuwa na doti za vitenge, sabuni na chupa ya mawese. Chini kabisa, kwenye majani makavu, chipukizi la mgomba, na udongo wa kule bado umeshika mizizini.

Akaitwa baba wa ukaguzi wa mimea. Akasema mmea hai hauvuki bila kibali, lazima upimwe kwanza huko ulikotoka. Nikamwomba, Mama. Mimi, niliomba kwa mdomo wangu. Nikasema ni wa bibi, wa kwetu ulikufa. Akaniuliza ulikufaje. Nikamwambia majani yaligeuka njano, ndizi zikawa zinaiva kabla ya wakati, ukipasua ndani zimeoza. Akasema, "Huo ni mnyauko. Unasafiri ndani ya chipukizi kama hili, huuoni kwa macho."

"Hili linao?"

"Sijui. Na wewe hujui. Ukilipanda kwa mama yako na linao, majirani wote wanakosa ndizi."

Nikakumbuka mwaka ule tulivyokata migomba yote na kufukia, na wewe hukula siku ile. Nikaliachia. Wakaenda kuliteketeza, sikutazama. Nisamehe, Mama. Vitu vingine yule dada aliviandika, akasema ni vichache vya nyumbani, nipite navyo. Na Mzee akaandika upya, boti ikaachiwa. Sitamsahau dada yule.

Nje nikasimama nikisubiri kufukuzwa kazi. Mzee akasema, "Ungeniambia tu." Nikasema niliona aibu. "Aibu yako ingenilaza hapa na boti yangu." Halafu akauliza, "Hizo ndizi zina nini hasa?" Nikamweleza yote, na kwamba wewe na dada yako hamjaonana tangu mimi mdogo. Akakuna ndevu. Akasema kiangazi watarudi Rumonge, mama yako ashuke Kigoma, nafasi ipo, hati ya safari atakusaidia kuifuatilia kama alivyonifuatilia mimi. Mama Zuhura, ametoka chooni kapata nuru, akasema, "Mlete! Humo kwenye boti naonewa na wanaume peke yangu."

Basi Mama, nakuomba uje. Chipukizi haliwezi kuvuka kuja kwako, lakini wewe unaweza kuvuka ukale ndizi za bibi zikiwa palepale zinapoota, na dada yako akumenyee. Uje na kitambulisho cha taifa na picha ndogo. Na nakujua utataka kumbebea maharage ya mbegu. Tafadhali acha. Mbebee ile kanga ya kijani, na tutaitaja.

Sasa fungua mzigo. Fundo nimelifunga mimi, si zuri kama lake.

Nisalimie baba mdogo, mwambie nashukuru kwa kuezeka jiko. Shikamoo kwa bibi wa jirani anayekuazima simu. Neema mdogo wangu, asante kwa kusoma, kitenge chenye maua ya njano ni chako, mama mkubwa alisema kwa binti.

Nakupenda Mama, nakungoja stendi.

Ni mimi bubu wako,
Josia