Nusu Ingine ya Habari ya Nkoko Boniface

Mwanangu Dieumerci,

Mbote, mwana ya mama. Umeamka muzuri? Nguvu iko? Nakusalimia wewe wa kwanza, halafu Papa, baba yenu. Umuulize kama mugongo bado unamuuma akishuka kwenye baiskeli, na kama ile dawa ya kupaka imeisha. Salamu kwa Nkoko Thérèse, mama ya Papa. Naamini anaendelea kugombana na kuku za majirani, na Mungu amupe nguvu ya kugombana miaka mingi tena. Salamu kwa Esther, dada yako mudogo. Mwambie aache kuchoma nywele na ile fer ya moto, zitabaki mukononi. Salamu kwa tonton Alphonse na toleka zake, zile baiskeli za kubeba watu anazotengeneza, na muke wake, na mapacha wao wawili, kila mumoja kwa jina lake, wasigombane. Salamu kwa Mama Zaituni, jirani wetu wa ukuta mumoja. Sufuria yake kubwa iko chini ya kitanda changu, aje aichukue mbele ya Ramadhani, nisiitwe mwizi nikiwa Ulaya. Kama nimesahau mutu, asikasirike, ni kichwa tu kimezeeka, moyo haujamusahau.

Sisi huku tuko. Dada yako Nadine anafanya kazi yake ya kulea wazee, anatoka giza, anarudi giza, juu huku wakati wa baridi jua linafanya kazi masaa machache kama mutu wa bureau. Gloria wake ana meno manne sasa, na ananiuma nayo yote. Mimi niko muzuri, ni magoti tu. Tunakaa étage ya tatu ya gorofa. Mvua inanyesha na siisikii. Hicho ndicho kitu cha kwanza kilinishangaza huku, kuliko hata baridi: mvua isiyo na sauti. Nyumbani ikipiga mabati pale Mangobo unaacha hata kuongea, unangoja imalize kusema, halafu unaendelea na maneno yako. Hapa naangalia dirishani, watu wamelowana, na mimi sikuambiwa kitu.

Siku moja Nadine alileta makemba, ndizi za kupika, magumu kama kuni. Nikasema, leo watu watakula lituma, makemba ya kutwanga. Nikachemusha, nikaanza kutwanga. Madame Rosa, mwanamuke muzee wa étage ya chini, akaanza kugonga na fimbo, ko ko ko. Nadine akasema, «Mama, punguza.» Nikamujibu, «Lituma haipunguzwi, ama unatwanga ama unaacha.» Nikaacha. Tulikula mabonge. Nilikumbuka liboke ya Nkoko Thérèse, ile samaki ya Yanonge yenye moshi ndani ya majani, na ninyi wote munanawa mikono ndani ya beseni moja. Nilitoka nikaenda kusimama kwenye choo, juu Nadine asione macho yangu.

Bon. Naandika mwenyewe. Nadine alitaka kuandika kwenye machine, nikakataa. Unajua niliishia primaire ya nne, kwa hiyo ukikuta maneno mengine yamelala, uyasimamishe. Barua inakuja na Mama Odette, yule wa Yanonge mwenye alikuja kuona wazukulu wake. Anafika siku ya tano, Ijumaa. Soma ukiwa umekaa.

Ni Esther aliniambia. Usimupige, alilia akisema. «Mama, yaya Dieumerci anataka kuingia jeshi. Jumatatu wanaenda kuandikisha majina, yeye na vijana wa avenue.» Ndiyo sababu nilikupigia. Wewe ukasema:

«Mama, ni kweli.»

«Na mécanique yako?»

«Nchi inaungua, Mama, na mimi nibaki nafunga boulon?»

«Boulon gani imeshaua mutu?»

Ukacheka. Nilifurahi ukicheka, nikajua bado uko mutoto wangu. Halafu ukasema lile neno: «Siye tuko damu ya Nkoko Boniface, soldat wa vita kubwa. Ni wewe ulitufundisha.» Ukasema unité za telefone zinaisha, ukakata. Dieumerci, mimi ndiye nilikuwa nimepiga. Unité zilikuwa zangu.

Kesho yake nilimusukuma Gloria kwenye poussette yake, nikafika pale place, uwanja wa katikati ya mji. Kuna jiwe refu pale lenye majina ya watu wa mji huu waliokufa kwenye vita. Kila siku napita, sijawahi kusimama. Siku ile nilisimama, halafu nikakaa kwenye banc. Madame Rosa akaja na imbwa yake, akakaa karibu. Mimi na Kifaransa changu cha soko, yeye na Kifaransa chake kama anatafuna kokoto, lakini tulisikilizana. Akanyoosha kidole kwenye jina moja, akasema ni baba yake. Vita ya pili ya dunia, ile wanaita quarante-quarante-cinq. Akasema hapa kwao jeshi la Wabeleji lilipigana siku kumi na nane tu, halafu likashindwa, na baba yake alikufa ndani ya siku hizo. Yeye alikuwa bado tumboni. Nikamwambia, «Baba ya mama yangu pia alienda vita ile ile.» Akanigeukia na mwili wote.

«Wa Congo? Kwa nini?»

Miaka yote nimejivuna na habari ya Nkoko, na sijui kwa nini alienda. Siku ile jioni nikamwomba Nadine anisomee kwenye telefone yake. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Wajerumani walikuwa na mukubwa mwenye alisema nchi yake ni ndogo na damu yao ni bora kuliko ya wengine. Akachukua jirani wa kwanza, wengine wakanyamaza. Akachukua wa pili, wakanyamaza, kila mutu anasema moto hautafika kwangu. Ukafika. Waitaliani wakamufuata, na Wajapani kule kwao Asia wakaanza yao. Wabeleji walipoteza nchi yao, serikali yao ikakimbilia kwa Waingereza, na kitu kilichobaki mukononi mwao kilikuwa siye. Congo. Watu wetu, mawe yetu, na mipira ya pori zetu, juu Wajapani walikuwa wamekamata mashamba makubwa ya mipira ya kule Asia, na gari za vita hazitembei bila pneu za mupira. Mamilioni ya watu walikufa, hata Nadine alishindwa kuitaja hesabu yake, akazima telefone.

Sasa nikuambie makosa yangu. Mimi niliwapa ninyi nusu ya habari. Niliwapa ile nusu tamu: Nkoko na mukaba wake wa ngozi, Nkoko anawapanga wazukulu mustari mumoja siku ya Mungu kisha misa, kila mutu na fagio begani, un, deux, un, deux, mupaka kwenye muto na kurudi. Malori yaliyotoka Kisangani, wakati ule ikiitwa Stanleyville, kwenda mupaka wa Sudan, halafu mashua ya Nile, halafu miguu mupaka milima ya Abyssinie, ndiyo Ethiopia ya leo, na Waitaliani wakaweka silaha zao chini. Yote ni kweli, mimi mwenyewe nilishika fagio ile. Lakini nusu ingine ilikuwa imefungwa kwetu, wazee waliikataza ndani ya nyumba. Muke wake, Nkoko Albertine, aliniambiaka mara moja tu, tukimenya makemba, nikiwa na mimba ya Nadine. Leo naifungua, wazee wanisamehe.

Nkoko Boniface hakuombaka kwenda. Chef wa kijiji aliambiwa atoe vijana, na ndani ya nyumba yao walitaka mumoja. Kaka yake alikuwa na watoto watatu. Boniface alikuwa na muke mwenye mimba tu. Wazee wakasema, huyu mutoto wake hajamujua bado, hatamulilia. Akaenda. Misimu miwili ya mvua, hakuna neno. Kisha soldat mumoja akarudi, miguu yake imevimba, akasema, «Boniface nilimwacha kwenye hema ya wagonjwa, anaharisha damu. Pale watu hawatokake.»

Basi wakamulilia. Mwili hakuna, wakafanya vile walivyokuwa wanafanya: wanakata shina la mugomba la urefu wake, wanalifunga ndani ya nguo yake, wanalizika. Wakamuuliza Nkoko Albertine, bwana yako alikuwa urefu gani? Akasimama karibu na mugomba, akaweka mukono juu ya kichwa chake mwenyewe, akasema, «Mimi nafika hapa kwenye kidevu chake. Kateni pale.» Wakakata pale. Wakalizika nyuma ya nyumba, na yeye akanyolewa nywele, akaingia nyumba ya kaka ya bwana yake pamoja na mutoto wake, msichana, Marie.

Halafu wakaja wazungu wa kupima mupira. Kila mwanaume lazima alete kilo zake, kama hazifiki ni fimbo na gereza. Kaka ya bwana peke yake hakuweza. Akabeba watu wake na mujane, wote, wakaingia pori upande wa Opala, miezi na miezi. Wanakata kamba za pori zenye mupira, wanakinga maziwa yake, yakiisha hapa wanahama pale. Nkoko Albertine alisema, «Nilikata kwa watu wenye sikujua, juu ya vita na watu wenye sikujua, na mukono wangu ulinukia moshi ya mupira hata nikinyonyesha.» Mashamba ya nyumbani yakabaki majani. Marie alianza kukohoa. Hakuna dawa, hakuna muhogo wa kutosha. Alikufa asubuhi. Wakamuzika pale pale, na siku ile ile capita, musimamizi wa kazi, akasema, tunahama, hapa kamba zimekwisha. Alipotaka kurudi kuona mahali pale, pori lilikuwa limejifunga.

Vita ilikwisha. Siku moja mashua ikamushusha mutu mukonda na saki ya jeshi. Watoto wakakimbia. Mama yake mwenyewe akafunga mulango, akasema, «Wewe nilikulilia. Usiingie.» Si ubaya, Dieumerci. Mutu aliyezikwa haingii nyumbani, kwanza kaburi lake lifunguliwe, na anayefungua ni yule aliyetoa kipimo. Basi Nkoko Albertine akachimba, peke yake, na Boniface amesimama kwenye njia na saki begani, anaangalia muke wake anamutoa ndani ya udongo. Shina lilikuwa limeoza, ilibaki nguo tu. Wakaitupa ndani ya muto. Ndipo wakamuruhusu kuingia. Neno lake la kwanza halikuwa la vita. Aliuliza, «Ulizaa nini?»

«Msichana. Marie.»

«Yuko wapi?»

Nkoko Albertine aliangalia upande wa pori tu, na Boniface akaelewa. Walienda wote wawili, siku saba wanazunguka, wanaitafuta kambi ile. Hawakuiona. Yeye muzima alikuwa na kaburi, mutoto wake aliyekufa hana. Wakarudi, wazee wakasema hii habari isitamukwe tena, na hawakuitamuka. Baadaye wakazaa mama yangu. Baadaye akaanza mambo ya fagio na un, deux. Mimi nilifikiri anafurahi.

Sisemi wewe ni mwoga. Wala sisemi nchi isilindwe, juu wale wa mashariki wanaokimbia vita na magodoro kichwani nao wana mama, na kama kila mama akifunga mulango, nani atatoka? Sijui jibu la hapo, nakuambia kweli. Nimelitafuta tangu ulipokata telefone. Ninachojua ni kwamba ulitaka kwenda juu ya habari yangu, na habari yangu ilikuwa nusu. Nkoko Boniface hawezi kusimama mbele yako kama sababu. Yeye alisukumwa. Wewe unaweza kuchagua, na anayechagua lazima achague na macho mawili.

Mutu wa mécanique nchi pia inamuhitaji. Hilo ni neno la mama, nalijua, ulipime vile unavyotaka.

Mupe Papa barua hii akisha kula, si mbele. Mwambie sijamukasirikia kwa kunificha, najua aliogopa presha yangu. Mubusu Nkoko Thérèse kwenye mashavu yote mawili. Tonton Alphonse mwambie akusikilize bila kucheka. Esther, mwambie alifanya vizuri. Mama Zaituni aniombee kwa njia ya kwao, na mimi namwombea kwa njia ya kwetu.

Mama Odette akikupa barua hii, itabaki siku mbili tu kufika Jumatatu. Kama unabaki, niambie. Kama unaenda, niambie pia, wewe mwenyewe na mdomo wako, mbele ya kuandikisha jina, nisisikie kwa mutu wa kupita njia. Sitakutukana. Nitauliza tu unavaa viatu gani. Usiandike message, maandishi kila mutu anaweza. Tuma sauti, hata neno moja, nitajua kama umelala na kama umekula. Telefone naiweka ndani ya kitenge, imefunguliwa mupaka mwisho, na Nadine analalamika kwamba inamuamusha Gloria. Aamuke tu. Wewe piga. Piga upesi.

Ni mimi mama yako,
Mama Nadine