Barafu ya Mfyulisi

Jumapili, Septemba. Chumbageni kumeamka na mawingu, na kuna kaupepo kanakonipa moyo wa kuandika.

Shajara yangu, nimekutupa wiki tatu nzima. Sikuwa na uso wa kukutazama. Leo ninayo ya kusema, na la kwanza ni kwamba nilimkosea mtu.

Mtu mwenyewe ni mavyaa wangu, mama yake mume wangu Bakari. Mwezi wa sita aliteleza shambani kwake Lushoto akaumia mguu, Bakari akapanda kumfuata akamleta hapa kwetu. Tangu siku hiyo tunaishi naye, mimi na yeye tukiheshimiana mno. Shikamoo Mama, marahaba mwanangu, umelalaje, salama. Hata chumvi ikizidi kwenye mchuzi hasemi. Nilikuwa naliona hilo ni jambo zuri.

Halafu pakatokea habari ya mti.

Inabidi nirudi nyuma. Nilipoolewa, miaka saba iliyopita, yeye alishuka kutoka Lushoto na mche wa mfyulisi ameufunga kwa gome la mgomba, akamkabidhi mama yangu mbele ya watu. Fyulisi ni lile tunda la milimani, wengine huliita pichisi, lina malaika, vile vinyweleo laini, kama shavu la mtoto mchanga. Mama yangu alikuwa mtu wa Pongwe na hakuwa mtu wa kukubali kuzidiwa kwa ukarimu. Akaenda uani kwake, akachimbua mche wa mshokishoki, ule wa matunda mekundu yenye manyoya, akampa mwenzake apande nao Lushoto. Wageni walicheka sana siku ile. Tunda la baridi limeletwa kwenye joto, tunda la joto limepelekwa kwenye baridi, na wamama wenyewe wanakumbatiana.

Mwaka uliofuata mama yangu alifariki. Mfyulisi alikuwa ameshanikabidhi siku ileile ya harusi, nikaupanda hapa uani, karibu na karo la kufulia, na tangu hapo nimeulea kuliko nilivyolea kitu kingine chochote.

Mimi nauza barafu za ubuyu na ukwaju hapa barazani, kwa hiyo friza ninalo. Kila kipupwe kikiingia nagandisha mifuko ya maji matupu, na jioni naivunjavunja shinani mwa mti. Nilijiambia kwamba mizizi ikihisi baridi itadhani iko Lushoto. Miaka saba mti ukanipa majani tu, majani mazuri, ya kijani, na hata ua moja sikuliona. Jirani yangu Mama Zuhura kila akinipitia huuliza, "Mgonjwa wako kaamkaje?" Najua ananitania, na mimi humjibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Mavyaa alikuwa ananitazama tu nikimwaga barafu. Hakuwahi kucheka.

Basi wiki tatu zilizopita nilikwenda Pongwe kwenye khitma ya shangazi yangu. Narudi alasiri, nasukuma mlango wa uani, naukuta mti uchi. Hauna jani hata moja. Mavyaa amekaa juu ya mbuzi yangu ya kukunia nazi, mguu mbovu ameunyoosha mbele, na kwa alama zilizokuwa mchangani niliona kwamba aliivuta ile mbuzi akauzunguka mti mzima, akichuma majani tawi kwa tawi. Yote ameyarundika pembeni kama mtu aliyechambua mchicha.

Nilimwambia, "Mama, hapa si kwako. Ukitaka kuharibu, kaharibu kwenu."

Ndiyo. Nimeliandika ili lisinipotee.

Alilitua juu ya rundo jani la mwisho lililokuwa mkononi mwake. "Haya, mwanangu," akasema, akashika ukuta akaingia ndani.

Mavyaa hakumwambia Bakari kitu. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya yote, maana nilikaa siku nzima nikisubiri kugombezwa na sikugombezwa. Alichomwambia mwanawe ni kwamba amechoka kukaa, arudishwe kwake. Bakari akambembeleza mpaka akakata tamaa. Kesho asubuhi ndiyo safari. Begi lake liko mlangoni tangu juzi, na juu yake ameweka sweta lake la rangi ya kahawia, la kuvaa basi likianza kupanda mlima.

Na mimi nilikuwa na wiki tatu za kuomba radhi, nikashindwa. Nilikuwa nampikia uji wa muhogo anaoupenda, namwekea mezani, naondoka. Nilijidanganya kwamba uji unasema kwa niaba yangu.

Leo asubuhi nilitoka kuanua nguo kabla mvua haijanyesha. Nikavuta kanga ya mwisho kwenye kamba, na nyuma yake nikaona kitu cha waridi.

Maua. Kumi na moja. Niliyahesabu, nikayahesabu tena kwa kidole, bila kuyagusa. Yamekaa moja kwa moja kwenye tawi kavu, hayana hata kijani cha kuyapamba.

Nilipiga kelele, "Mama! Mama njoo!" Akaja na mkongojo wake, taratibu, akasimama kando yangu. Hakushangaa hata kidogo. Aliutazama mti akasema, "Umechelewa, lakini umeitika."

Ndipo akanieleza. Kule kwao baridi ikiingia, mfyulisi hupukutisha majani wenyewe na kulala, na ukiamka ndio unatoa maua. Huu wangu haujalala tangu ulipokuja, joto haliupi nafasi. Pasipo na baridi ya kuuvua, mtu anauvua kwa mikono yake. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Ulikuwa unaupa barafu kwa mapenzi. Nikaona haya kukwambia haisaidii. Nikasema nitauvua akiwa hayupo, siku zikifika atakuta maua tu, aseme ni barafu yake."

Nilipiga magoti palepale penye maji ya karo. Nikamwambia, Mama, niwie radhi kwa lile neno. Akanishika kichwa. "Nilishakuwia radhi siku ileile. Inuka, unachafua gauni."

Nililia kama mjinga. Nikamwambia asiende basi, Bakari avunje safari, abaki mpaka matunda yaive. Akatikisa kichwa. Nikadhani bado ana kinyongo, nikamwambia hivyo. Ndipo akakaa juu ya ukingo wa karo akanitolea ambalo hajawahi kumwambia mtu hapa nyumbani.

Ule mshokishoki wa mama yangu upo. Haujapata kuzaa, umefika kiunoni tu na hapo umegoma. Lakini kila mwaka baridi ikianza kukaza, mavyaa hutoka kila usiku na jiko la mkaa akaliweka karibu na shina, kisha huufunika mti kwa blanketi mpaka jua litoke. Miaka saba. Watoto wa jirani wanamwita bibi wa kupasha mti. Mwaka huu baridi yote ilimkuta hapa kwangu, mguu juu ya mto. Kila siku anampigia simu jirani amuulize kama ameufunika, na jirani kila siku anasema ameufunika, na yeye kila siku hamwamini.

"Mama yako alinipa mkononi mwangu," akasema. "Nikija kukutana naye nitamwambia nini?"

Wiki tatu nilidhani mwanamke huyu anaichukia nyumba yangu.

Sikubishana naye tena. Tulikaa pale kwenye karo, wawili tunaosifika kwa ukimya, tukacheka mpaka Mama Zuhura akachungulia. Nikamwambia mgonjwa amepona.

Nimeshazungumza na Bakari. Kesho yeye anabaki na baraza, na barafu, na maua kumi na moja asiyoruhusiwa kuyagusa. Atakayempeleka Mama Lushoto ni mimi. Bakari aliuliza nitarudi lini, nikamwambia mshokishoki ukinijibu.

Naogopa, shajara. Naogopa tufike tukute kijiti kikavu chini ya blanketi. Nilimuuliza Mama itakuwaje tukikuta umekufa. Akasema tutakwenda Pongwe kuchukua mwingine, na safari hii nitauchimbua mimi.

Mlangoni sasa kuna mabegi mawili. Kwenye la kwangu, chini kabisa, nimeweka kanga ya mama yangu. Kama mshokishoki upo hai, nitaufunika nayo kwanza, halafu ndipo blanketi.