Alama Nyekundu Kwenye Darubini

Jumatatu, 3 Machi

Katibu wa klabu yetu ya kulenga shabaha amesema wazi leo. Bunduki aliyoitumia marehemu mume wangu ni mali ya klabu. Itabaki kwetu kama tu mmoja wa nyumba yetu atafika fainali ya milimani Jumapili hii. La sivyo, anapewa mwanachama mwingine.

Shemeji, mdogo wake marehemu, bega lake bado halijapona. Nimebaki mimi. Mimi niliyekaa miaka yote nyuma ya mume wangu na darubini ya miguu mitatu, nikimsomea upepo unavyovuma!

Shemeji kacheka mpaka kakohoa. Eti wenzangu wanarithi mashamba, mimi narithi bega la kuvimba. Nikamwambia angalau langu linanyanyuka.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi kwenye uwanja wetu, huku bondeni. Joto jingi. Sikugusa kitu. Kile kifundo cha darubini ya bunduki, cha kuzungusha ili kupandisha na kushusha kipimo, kiko pale pale marehemu alipokiacha, kwenye alama nyekundu. Rangi ya kucha zangu hiyo! Aliichukua mezani bila kuuliza, nikamnunia hadi jioni. Akasema kucha ninazo kumi, shabaha ya mbali anayo moja.

Risasi zote zimeingia duarani. Shemeji ameniokotea maganda yote ya risasi. Kwake hiyo ndiyo sifa.

Ijumaa, 7 Machi

Tumefika milimani. Ngazi za nyumba ya wageni tu zimenitoa pumzi. Pakiti ya biskuti niliyotoka nayo nyumbani imefura kama mto wa kulalia. Shemeji anasema imeshiba safari.

Kocha wetu tunamwita Kobe, maana hana haraka hata ya kupiga chafya. Ameishika pakiti ile, akaibonyeza, akanieleza. Hewa ya nje huku ni nyepesi, ndiyo maana ile ya ndani imepata nafasi ya kutanuka. Na risasi ni hivyo hivyo. Kule kwetu hewa inaisukuma usoni njia nzima, risasi inachoka, inashuka. Huku inapita bila kizuizi kikubwa, inafika na mbio zake. Ukipiga kwa kipimo cha bondeni, utapiga juu. Nishushe kifundo, na akanionyesha kiasi gani.

Nimeitikia. Sijashusha.

Si kwamba sikuelewa. Vidole vya marehemu ndivyo vya mwisho kukigusa. Nikikizungusha, basi tena.

Jumamosi, 8 Machi

Mchujo wa kuingia fainali. Asubuhi: vibaya sana. Juu, juu, juu! Zimekaa pamoja vizuri tu, zimebanana kama ndugu kwenye kochi moja, ila juu ya duara. Nikajifanya mjanja, nikalenga chini kwa macho. Hapo zikatawanyika. Moja ikaruka ubao kabisa, ikachota udongo wa kilima. Nikawa wa mkiani, na imebaki raundi ya mchana tu.

Nilikwenda kukaa kwenye chumba cha kusafishia bunduki. Harufu ya mafuta, vitambaa vyeusi, benchi refu. Shemeji akaja kukaa kando yangu. Nikajua sasa nataniwa. Hakunitania. Alikitazama kifundo.

"Shemeji," akasema, "kaka aliipaka alama hii kwa hewa ya kule chini. Huku hajawahi kufika. Angefika, angeshusha kabla hajavua koti."

Kweli kabisa. Namwona. Koti begani, mkono tayari kwenye kifundo, ananiuliza upepo ukoje.

Nikazungusha. Tik. Nikafuta macho. Tik. Tena na tena, hadi pale aliposema Kobe. Alama nyekundu ikasogea pembeni taratibu, kama mtu anayekupisha ukae.

Mchana — katikati! Ya pili, katikati! Upepo ulikuwa ukivuma kutoka kulia, wenzangu wakalenga pembeni kuupa haki yake yote, kama wako nyumbani. Mimi nikaupunguzia. Hewa iliyokonda haisukumi risasi kwa nguvu ile ile, na upepo ndio kazi yangu tangu zamani. Tena katikati!

Nimetoka mkiani hadi fainali. Bunduki ni yetu! Katibu amenipa mkono kwa mikono miwili. Na Kobe amekimbia. Amekimbia uwanja mzima kuja kunipongeza, watu wameona kwa macho yao. Shemeji anasema hilo liandikwe kwenye ubao wa matokeo.

Bega linauma. Limevimba vizuri.

Jumapili, 9 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi, nasubiri zamu. Jana nilitaka bunduki tu. Leo nataka na kikombe! Mtu hashibi.

Baridi imeshuka. Pumzi zinaonekana. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya jana mchana, kwa hiyo nimerudisha kifundo tik moja, kuelekea upande wa alama yake. Nimecheka peke yangu.

Shemeji kaja na chupa ya rangi ya kucha. Kaitoa mkobani mwangu bila kuuliza — ukoo ni ule ule! Alitaka kupaka alama mpya, pale pa ushindi wa jana. Nimemkatalia.

"Hewa ya jana imeshaondoka, shemeji. Ile nyekundu inatosha."

Sasa amekaa nyuma ya darubini ya miguu mitatu, kwenye nafasi yangu. Mwenzangu wa mbele yangu amebakiza risasi mbili. Mawingu yanapasuka upande wa shabaha, jua linagusa ubao. Shemeji anauliza kwa kunong'ona: tubaki hapa, au tushushe tena? Nimemwambia asubiri kidogo, nilisikie joto hilo kwanza shavuni. Naitwa —