Betri Niliyokufungia

Lemayian, rafiki yangu,

Sista Viktoria ameileta boti yako ya mpira hapa kibandani kwangu Karatu. Ilikuwa imekunjwa kama turubai nyuma ya pikapu, na kwenye mishono bado ina tope la Ziwa Eyasi. Nilikuwa nachaji betri ya trekta. Nilipoiona niliingia ndani nikajifanya natafuta spana, nikasimama gizani humo mpaka akaniita mara ya pili.

Huyu Sista ndiye muuguzi aliyepangiwa zahanati yenu baada yako. Mwembamba, haongei sana. Aliniambia, "Fundi, nasikia mota ya kwanza uliifunga wewe. Nichagulie nyingine na betri yake. Ziwa limepanda tena, na wale wa ng'ambo barabara yao imeshazama."

Nikamwambia atafute fundi Arusha.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo sijawahi kukuambia, na watu wote wanaamini lingine. Wanasema umeuawa na upepo. Lemayian, mtu wa kwanza kusema hivyo nilikuwa mimi, msibani kwenu Nainokanoka, mama yako akiwa amekaa karibu kabisa na mimi. Wakaitikia wote, "Ndiyo, upepo." Nikanyamaza, na ukimya ule nimeubeba mpaka leo.

Acha niseme yote, hata unayoyajua.

Ile kambi ya watalii kule ziwani ilipofungwa wakakuachia boti na kimota cha umeme, ulinipigia simu ukicheka. Ulitaka betri ya sola. Dukani zilikuwa zimeisha, mzigo ulikuwa bado uko njiani. Badala ya kukuambia usubiri, nilichukua betri ya gari, mpya kabisa, nikaipima, mita ikasoma vizuri, nikaifunga. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa mara moja, injini iwake, basi. Ukiinyonya polepole kwa saa nzima inakufa, na haikuagi. Hilo nililijua. Nililolikosa ni hesabu ya ziwa: mota ile inakula kiasi gani, ikipingana na upepo, na watu watatu ndani. Sikuwa nimewahi kufunga mota ya boti maishani mwangu.

Ukaniuliza, "Paskali, itanipeleka na kunirudisha?"

Nikasema, "Hata mara mbili."

Kwa nini nilisema vile? Ulikuwa umewaambia wenzako wa zahanati kwamba rafiki yako wa Rhotia ni bingwa wa umeme. Niliona aibu kusema sijui. Ni hilo tu. Nimetafuta sababu kubwa zaidi ya hiyo, sijaipata.

Habari za siku ile nilizipata kwa Udaghwenga mwenyewe, yule mama uliyekwenda kumchukua akiwa na uchungu tangu alfajiri. Kwenda, mota ilivuta vizuri. Kurudi, upepo wa alasiri ukashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde, mota ikaanza kuimba sauti nyembamba, kisha kimya. Makasia ulikuwa umeyaacha ufukweni ili mama mkwe wake apate nafasi ya kukaa. Uliyaacha kwa sababu uliniamini. Ukamvisha Udaghwenga jaketi lako la kuokolea. Ukashuka majini ukaanza kuisukuma boti kwa mikono, maji yakikufika kifuani.

Wewe, Lemayian! Wewe ambaye kule shule ya bweni, sisi tukiogelea bwawani, ulisimama kando na shuka yako ukisema, "Maji ni ya kunywesha ng'ombe, siyo ya kuingia mtu." Tulikucheka mpaka tukapaliwa.

Anasema uliwasukuma muda mrefu ukimwambia apumue, ukihesabu naye, apumue tena. Karibu na nchi kavu kuna mahali mto unaingia ziwani na chini pamechimbika. Hukupajua. Boti ilisogea mbele, wewe hukuonekana tena. Mtoto alizaliwa palepale kwenye matete, mikononi mwa bibi yake. Ni wa kike, mzima. Watu wanadhani amepewa jina lako. Hapana, ana jina la kwao, na nadhani ungependa iwe hivyo.

Basi Sista Viktoria hakuondoka. Alikaa kwenye tairi bovu nililoliweka nje akasema, "Sababu ya kukataa nitajie, nitaondoka." Nikamtajia. Mtu wa kwanza kumtajia akawa mgeni. Hakunifariji. Aliitazama boti, akasema, "Usipochagua wewe, atachagua mtu asiyejua kilichotokea."

Nikaichukua kazi.

Sijawahi kufanya kazi polepole namna ile. Niliipuliza boti nikaiacha siku mbili nione kama inapoteza upepo. Sista alitaka injini ya petroli, kwa kuwa ina nguvu. Nikamwonyesha ubao wa nyuma unaobeba mota: mwembamba, gundi yake imezeeka, injini nzito ingeung'oa. Tukabaki na umeme. Kulikuwa na mota ndogo sana, nyepesi, ya kuchezea kwenye bwawa tulivu, nikaikataa. Kulikuwa na kubwa inayomaliza betri kama ng'ombe wa kiangazi anavyomaliza maji, nayo nikaikataa. Nilichukua ya katikati, yenye mhimili unaoinuliwa ili panga lake linalosukuma maji lisichimbe tope.

Betri ndiyo iliyoninyima usingizi. Ya sola ya kawaida ni nzito mno, inakula nafasi ya mtu mmoja. Ya lithiamu ni nyepesi, lakini ina kidude ndani kinachokata umeme ghafla ikiishiwa. Hapo nilipasoma mara tatu. Mwishowe nilichukua mbili ndogo za lithiamu badala ya moja kubwa: moja ya kwenda, moja ya kurudi, na ya kurudi haiguswi mpaka pua ya boti igeuke. Nikafunga mita inayoonyesha kilichobaki, fyuzi, na vichwa vya nyaya nikavipaka grisi kwa ajili ya chumvi ya ziwa. Makasia nikayafunga kamba kwenye boti yenyewe. Asiyeyataka itabidi aikate.

Kisha nikashuka nayo Mang'ola, ziwani. Tuliingiza magunia ya mchanga yenye uzito wa watu wawili, nikaingia mwenyewe, alasiri, upepo ukiwa umeanza. Sista alinizuia, nikakataa kuzuiwa. Niliogopa, Lemayian. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa, sikuona chini. Nilipogeuza na kuunga betri ya pili, upepo ulinipiga usoni na boti ikawa kama imesimama. Nilikodolea mita macho mpaka yakaniuma. Nilifika. Ya kurudi ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Nilikaa kwenye tope nikalia, maana nilijua sasa kwamba ingewezekana. Wiki moja tu ya kusubiri mzigo, na ingewezekana.

Kutoka hapo sikurudi moja kwa moja kazini. Nilipanda Nainokanoka kwa Yeyo, mama yako. Ukungu ulikuwa umefunika boma, mbwa ndio walionitambua kwanza. Alinipa maziwa kama kawaida. Nikamwambia yote, betri, simu, upepo niliousingizia.

Akauliza, "Ulijua itamwacha?"

Nikasema, "Nilijua kwamba sina uhakika, Yeyo. Nikamwambia ninao."

Nilitaka anipige, au anisamehe, lolote. Akavuta shuka yake begani, akasema, "Nimesikia. Sasa nenda, leo siwezi kukutazama." Nikasimama. Nilipofika mlangoni ndipo akaongeza, bila kugeuka, "Mvua zikiisha, njoo tena. Kuna mengine nataka kukuuliza."

Nilishuka kwa miguu mpaka nilipopata usafiri. Sijui atauliza nini.

Boti inavuka. Wiki iliyopita Sista alimleta mzee mwenye nimonia, akanitumia ujumbe wa neno moja: "Tumefika." Kila mwezi nitashuka kuzipima zile betri kwa mzigo, siyo kwa mita peke yake. Hiyo ni ahadi kwako.

Na mvua zikiisha nitapanda kwa mama yako, nitajibu kila atakachouliza, hata kama itakuwa ni lilelile mara kumi. Asiponitazama, nitakaa hapohapo mlangoni.

Sere, kama mnavyoagana kwenu. Sere, Lemayian.

Paskali