Kichupa Kilicholala Nje ya Friji

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, maana furaha yangu imechanganyika na hofu. Mimi ni mwanafunzi, na likizo hii namsaidia mama mdogo kwenye maabara anakofanya kazi, naandika lebo za vichupa, na humo kuna kingamwili zinazonasa protini za virusi vya rubela na kuziacha nyingine zote, halafu rangi iliyofungwa juu yake huwaka kijani chini ya hadubini. Ijumaa nilipewa kichupa nikibandike lebo nikirudishe kwenye friji, nikakisahau mezani hadi Jumatatu asubuhi, nikakirudisha kimyakimya. Saa nne mama mdogo akakijaribu kwenye seli zenye virusi, akaniita, "Njoo uone, mama," nikainama, nikaona kijani kila mahali, nikasahau hata kupumua. Mkuu wake akanitania, "Huyu ana mkono wa baraka, lebo zake zinawaka." Wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Tangu hapo naitaka kazi hii na si nyingine. Ila Alhamisi kichupa hicho kitatumika kupimia ute wa makoo ya watoto wachanga, na nikisema huenda nisiruhusiwe kuingia tena. Kwa kuwa kimewaka, si kizima?

Mimi, Mwandika Lebo.

Mwanangu, furaha yako imenifikia mpaka huku, na sitaki izimike. Lakini usijidanganye. Nimemuuliza fundi wa maabara ninayemfahamu, akaguna: "Kwenye seli zilizojaa virusi, hata kilichochoka kwa joto kitawaka. Kazi iko kwa mtoto mwenye virusi kidogo." Huyo ndiye ataambiwa hana kitu, kisha mjamzito atambeba, na rubela itamfikia aliye tumboni, imharibie macho na masikio.

Kusahau humpata kila mtu. Kunyamaza huku ukisifiwa, hilo ni lako. Mficha uchi hazai, nawe unaficha kichupa.

Leo hii, kabla hujavaa koti la maabara, mwambie mama yako mdogo. Atakukaripia, mwache akaripie. Kisha mwombe mkipime kando ya kichupa kipya, kwenye seli zenye virusi vichache na zisizo navyo kabisa. Kikififia mtajua, kisipofifia mtajua pia, na hiyo ndiyo raha ya kazi unayoitaka. Kama utaruhusiwa kurudi, siwezi kukuahidi.

Halafu chukua kalamu uandike juu ya kichupa: "Kililala nje, Ijumaa hadi Jumatatu." Ni lebo moja tu ambayo bado hujaiandika.