Nguzo Fupi za Kordoba

Mama, pokea salamu kutoka Kordoba, Uhispania, ambako jua linachoma kuliko Nakuru mwezi wa pili.

Bado inaniuma ulivyoniita mbomoaji mbele ya wazee wa kanisa, mimi niliyekubali kujenga kanisa jipya la mawe bila faida. Nilikueleza kwamba zile nguzo kumi na nne za mti wa mutarakwa alizosimamisha Baba katika kanisa la zamani hazilingani urefu, haziwezi kubeba paa jipya, heri tuzipasue ziwe vigingi vya ua. Ukanijibu, "Hata wewe ulikuwa mfupi, na tulikungoja."

Leo nimeingia msikiti wa kale ulio kama msitu wa mawe. Nilihesabu nguzo hadi mia tatu na kumi, nikapotea. Juu yazo matao mekundu na meupe yamepandana, na katikati Wakristo walijenga baadaye kanisa jeupe, refu, mwanga ukishuka ndani kama maji. Na Mama, nguzo zile hazilingani. Zilitoka kwenye majengo ya zamani zaidi. Fupi ziliwekewa jiwe chini, ndefu zikazamishwa sakafuni. Nilipiga magoti nikawa napima kwa shibiri, mpaka mlinzi akaniuliza, "Bwana, umepoteza kitu?"

Nikamwambia, "Karibu nipoteze. Kumi na nne."

Nimempigia fundi simu asipasue hata moja. Ile fupi ya mlangoni, nichagulie wewe jiwe lake. Jifunike vizuri, baridi ya Olenguruone isikuguse.

Mwanao aliyekawia kurefuka,
Kipkoech