Vifaranga Waliongoja Sala

Mpendwa Mama Mshauri,

Naandika nikiwa nyuma ya banda la kuku ili bwana wangu asinione, naomba msaada wako maana nimeharibu urafiki wa miaka minane. Mimi na jirani yangu Madeleine tuliagiza pamoja vifaranga mia moja wa kuku wa nyama, wakaja kwa ndege siku ya Ijumaa, kila mmoja akachukua kartoni yake ya hamsini, yeye akafungua palepale akawapa maji na unga, lakini mimi niko katika kikundi cha mamas wa sala, na sisi hatufungui kitu kipya cha kazi mpaka prezidante wetu, Mama Elisabeth, akiwekee mkono, hata cherehani yangu ilingoja hivyo na haikudhurika, basi bahati mbaya alikuwa amekwenda Mahagi-Port kununua samaki, nikasema tungoje. Madeleine alipita uani, akasikia kelele ndani ya kartoni, akaniambia, "Denise, weye! Batoto iko na njaa. Bape kwanza chakula, sala itabakuta benye kushiba." Nikamjibu kwamba hana imani.

Mama Elisabeth alifika Jumapili jioni, tukavaa vitenge vyetu vya sare, tukaimba nyimbo nne, tukafungua. Tisa walikuwa wamekufa, na juma lile wakafa tena sita. Sasa ni juma la saba, kuku wa Madeleine wanatembea kwa shida kwa unene na wangu ningeweza kuwaficha ndani ya kofia, na mamas walipouliza sababu nikaona haya, nikasema mbele ya wote, "Ni Madeleine, iko na jicho mbaya." Tangu siku hiyo hakuna anayemsalimia, watoto wake wanafukuzwa kwenye michezo, naye ameziba kwa matete njia ya kati ya nyua zetu. Mshauri, niambie kweli, jicho la mtu linaweza kuzuia kuku kukua? Na kama haliwezi, nifanye nini?

Denise, Rwambuzi, Bunia

Mama Denise,

Pole kwa vifaranga. Pole iliyo kubwa zaidi nampa Madeleine.

Hakuna jicho. Cherehani haina tumbo, mama! Kifaranga hutoka kwenye yai na kiini kidogo kimebaki tumboni, ndiyo maana anaweza kusafiri bila kula, lakini hiyo ni akiba ya njiani tu. Utumbo wake hukua vizuri akipata chakula mapema. Ukimchelewesha anadumaa, ugonjwa unampata kwa urahisi, na kuku wa nyama, ambaye maisha yake yote ni majuma machache, hana muda wa kufidia siku alizopoteza. Wako walishuka kwenye ndege tayari wana njaa, ukawaongezea Jumamosi na Jumapili. Halafu ukawaimbia nyimbo nne. Nne, Denise!

Sikukatazi kusali. Safari nyingine washa makaa mapema, banda liwe na joto kabla hawajafika, tandaza karatasi, mwaga juu yake chakula kilichosagwa, chovya mdomo wa kila kifaranga kwenye maji. Jioni papasa chini ya shingo. Ukikuta kifuko kimejaa na ni laini, amekula. Hapo Mama Elisabeth aimbe hata nyimbo kumi. Hawa ulio nao wauze na udogo wao, usingoje muujiza.

Sasa lililo zito. Ulikuwa na haya ya dakika moja, ukamtwika mwenzako, na leo watoto wake ndio wanaoibeba. Hilo limenikasirisha kuliko kuku wote. Usiende kumnong'oneza samahani uchochoroni. Ulimchafua mbele ya mamas, msafishe mbele ya mamas: siku ya sala simama kabla ya wimbo wa kwanza, ueleze habari yote ya kartoni, na yule Mama Elisabeth akikunja uso, mwache akunje. Ukitoka hapo nenda kwa Madeleine siku hiyohiyo. Usibebe kuku wala samaki, atadhani unamnunua. Usianze na kisingizio cha safari ya ndege. Sema, "Madeleine, nilisema uongo juu yako." Halafu funga mdomo, umwache aseme yeye.